Waya Niliouacha Mlangoni kwa Majura

Nyanjura mwanangu,

Naiandika barua hii dukani Iringo, hapa Musoma, juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa sababu nyumbani mmenifukuza. Mchana nilipouliza kama sanduku lako limefungwa vizuri, mama yako aliniambia, "Wewe nenda kashone, hapa unatuchanganya tu." Basi nimekuja. Nimesukuma pembeni sketi za watu, nimechukua karatasi ninazochorea mitindo, na sasa nakuandikia kama mtu anayemwandikia mtoto aliyeko Ulaya, wakati wewe uko hapo Nyakato unakunja kanga. Lakini kesho asubuhi unaondoka na mama yako kwenda Bunda, mimi sipo kwenye safari hiyo, na yapo mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya mama yako bila yeye kunikatisha.

Sitakuambia habari za kuwahi kazini, wala za kuheshimu wagonjwa, wala za kujiwekea akiba. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, na hiyo zahanati iliyokuajiri itayarudia. Mimi nataka kukuambia habari ya umeme.

Najua umecheka. "Baba na umeme wake." Hata majirani wananitania. Mimi nimelelewa Suguti na mama ambaye alikuwa anazima koroboi katikati ya hesabu yangu ya shule, kalamu ikiwa bado iko mkononi, akisema mafuta hayaokotwi. Kwa hiyo nikiona taa inawaka kwenye chumba kisicho na mtu, moyo unaniuma kweli kweli. Siigizi. Wengine hela zao zinaishia kwenye pombe, zangu nilikuwa naziona zikiisha kwenye waya, na nilijiapia kwamba zitaisha kidogo kuliko za mtu mwingine yeyote pale mtaani.

Ndiyo maana nimehama sana. Nilihama mkaa nikaenda gesi, kwa sababu nilipiga hesabu ya gunia nikaona tunaibiwa. Nikanunua ule mtungi mdogo wenye jiko juu yake. Mama yako anasonga ugali wa muhogo wa watu wengi, mtungi unayumba, ikabidi akae chini aubane kwa miguu miwili kama anayekamua ng'ombe. Halafu nikasikia kuna gesi ya kampuni nyingine ya bei ndogo, nikaihamia, kumbe wakala wa pili hapokei mtungi wa wakala wa kwanza. Tukawa na mitungi miwili, mmoja mtupu kabisa, mama yako akautandika kitambaa akaweka redio juu yake. Siku hiyo aliniambia maneno ambayo bado nayakumbuka. "Wewe unatubadilishiaga tu. Hujaulizaga anayepika."

Nilicheka. Niliona ni maneno ya mwanamke aliyechoka na jiko.

Sasa nikuhadithie la baba yako mdogo. Ulikuwa unaanza shule wakati huo, na unayoyajua umeyasikia kwa watu, kila mmoja na upande wake. Upande wangu hujawahi kuusikia kwa sababu kila nilipoanza kuueleza nilijikuta naeleza bei.

Majura, mdogo wangu, alipomaliza kujenga pale kando yetu, bibi yako alikuja kutoka Suguti kwa ajili ya kazi moja tu. Hakula, hakuketi. Aliingia jikoni kwa mama yako, akachukua makaa yanayowaka kwenye kigae cha chungu, akavuka nayo ua mpaka jikoni kwa Majura, akawasha moto wa kwanza wa nyumba ile. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Mdogo akijenga, moto wake unatoka kwa mkubwa wake. Na mkubwa akija kuuzima, au akidai kitu chochote kilichouleta, maana yake amesema huyu si wa tumbo moja na mimi. Mimi sijawahi kuona mtu amefanya hivyo. Tulikuwa tunasikia tu kwamba zamani fulani alimfanyia fulani, na ukoo ukagawanyika.

Baadaye umeme ulipofika kwangu, Majura alikuwa hana uwezo wa kuomba mita. Alinunua waya kwa hela yake, fundi wa mtaani akauvuta kutoka kwangu kwenda kwake juu ya mti mmoja wa mkalitusi. Bibi yako alikuwepo. Akasema, "Na huo nao ni moto. Utoke kwa mkubwa." Tukapiga makofi. Mama yako mdogo, mke wa Majura, akapika sato, tukala hapo uani, na kuanzia siku hiyo tukawa tunanunua umeme kwa zamu, mwezi huu mimi, mwezi ujao yeye.

Tulikwenda vizuri mpaka mama yako mdogo aliponunua friza. Alikuwa anauza barafu za ukwaju na samaki wa kugandisha, na biashara ilimpenda. Wewe mwenyewe ulikuwa unatoka shule unapitia kwake kabla ya kufika kwetu, unakuja umepaka ukwaju mpaka kwenye kola. Mimi nilikuwa nashonea barazani, na kutoka pale nilikuwa nasikia lile friza linavyonguruma kupitia ukutani. Kila likinguruma, mimi nasikia yuniti.

Na si uongo, yuniti zilikuwa zinakwenda. Nyumba inayotumia umeme kidogo inauziwa kwa bei ya chini, ukivuka kiwango unapandishwa. Sisi tulivuka. Nikawa natuma hela ileile kwenye simu, napata yuniti chache kuliko jirani yangu wa nyuma ambaye hata redio hana. Nilikwenda ofisini kwa watu wa umeme kuuliza. Binti mmoja wa pale, mwenye heshima zake, akaniambia, "Mzee, hapa unalisha nyumba mbili. Mwambie ndugu yako aombe mita ya kwake. Ukibaki peke yako ukatumia kidogo, utaomba kurudishwa chini, na wakaguzi watapita kuangalia."

Nilimwambia Majura. Hakukataa, mwanangu, na hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Alisema, "Sawa kaka, hata mimi naona. Nipe muda kidogo niuze huu mzigo wa samaki, hela ya mita itatoka humohumo." Tungengoja. Lakini mimi nilikuwa nimeshapeleka ombi, na nikapigiwa simu kwamba wakaguzi wanapita wiki hiyo. Ukikosa, unaanza upya.

Wiki hiyohiyo mama mkwe wa Majura akafariki huko Butiama. Waliondoka siku ileile na mama yako akafuatana nao, wewe nikabaki nawe. Wakati wanapanda gari Majura alirudi mbio akanipa ufunguo wa nyumba yake. "Kaka, lolote likitokea, nyumba iko mikononi mwako." Nikautundika kwenye msumari juu ya cherehani.

Kesho yake nikamwita fundi. Nilizima swichi kubwa, akapanda, akautoa ule waya. Friza likanyamaza. Nilikaa kwenye kiti changu nikasikiliza ule ukimya, na usinicheke, niliona raha. Nilijua limejaa. Nilijua na ufunguo uko wapi. Nilijiambia kwamba samaki walioganda hawawezi kuharibika mara moja, kwamba msiba wa mkwe si mrefu, kwamba wakaguzi wakishapita nitaangalia cha kufanya. Mtu akitaka kuokoa hela, akili yake inamletea sababu za kila aina.

Waya nikauzungusha vizuri, nikaufunga na kipande cha uzi wa jinzi, nikauweka mlangoni kwa Majura. Kwa nini mlangoni? Kwa sababu ulikuwa mali yake. Alinunua yeye. Nilidhani narudisha mali ya mtu, nisije nikaambiwa nimemwibia. Mimi mtoto wa Suguti, niliyeona makaa yakivushwa ua kwenye kigae, nilichukua kilichopelekea moto kwa mdogo wangu nikamrudishia kwenye kizingiti, tena nimekipamba na uzi. Haikunijia kabisa kichwani. Kichwani kulikuwa na bei tu.

Wakaguzi walipita, wakaangalia juu, wakaandika, wakaondoka.

Halafu nikakuacha kwa jirani, nikaenda Butiama kwenye maziko. Hili hata mama yako hajawahi kunisikia nikilisimulia mwenyewe. Nilifika, nikatoa rambirambi, nikashika sepetu na wenzangu, nikakaa na Majura kwenye mkeka mmoja, tukala sahani moja. Akaniuliza, "Kaka, nyumbani salama?" Nikamwambia, "Salama." Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na simu, na ningeweza kumwomba jirani yeyote awahamishe wale samaki. Nilijidanganya kwamba msibani hapazungumzwi umeme. Nikachovya ugali wangu nikaendelea kula.

Waliporudi walikuwa wamenyolewa vichwa, wamechoka, na joto lilikuwa kali. Harufu iliwapokea kabla ya kufika uani. Mama yako mdogo alikimbilia dirishani, akaziba pua kwa kanga, akakaa chini. Majura yeye hakuangalia dirisha. Aliangalia kizingiti. Alisimama pale akiutazama ule waya muda mrefu, na mama yako akasimama katikati ya ua na mzigo kichwani, hajui aingie nyumba ipi.

Mimi ndiye niliyeanza kusema. Nilisema, "Majura, usichukie, hii ni hesabu tu. Ukiomba ya kwako na wewe utapata bei ya chini, wote tutaokoa."

Akasema, "Nilikuulizaga nyumbani salama. Ulinijibu nini?"

"Msibani pale ningesemaje?"

"Wewe hata ng'ombe yangu ikikohoa kule Suguti unanipigiaga simu. Hii tumekaa mkeka mmoja umeshindwa? Ufunguo nilikuachia wewe, kaka."

"Nitakulipa samaki zako."

"Samaki," alisema. Akageuka kwa mkewe. "Mama watoto, ananiambia habari ya samaki."

Nikamjibu jambo ambalo sikupaswa kulijibu. Nikamwambia, "Kila mtu ana nyumba yake, Majura." Nilimaanisha mita. Kila mtu ana nyumba yake, kila nyumba mita yake, ndivyo nilivyokuwa nimeambiwa kule ofisini. Lakini waya uko kwenye kizingiti, na maneno yale yametoka kwa mkubwa, na watu wa mtaa wamesimama wanasikia.

Bibi yako aliletwa kesho yake. Kikao chake kilikuwa kifupi. Alitaka jambo moja, kwamba niuchukue ule waya kwa mikono yangu, nipande mwenyewe, niurudishe mbele ya watu. Alisema waya huo hata usipopeleka umeme, hata kama Majura akipata mita yake, ukae tu pale juu. Mimi nikatoa simu mfukoni. Asubuhi ile nilikuwa nimenunua umeme, na kwa mara ya kwanza zilikuwa zimekuja yuniti za bei ya chini. Nikamwambia, "Mama, angalia." Akasema hajui kusoma, nimsomee. Nikamsomea. Nilimsomea mama yangu yuniti, Nyanjura, kwa sauti, mbele ya mdogo wangu aliyenyolewa kwa msiba. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya. Ule hizo yuniti." Akainuka akaenda kulala kwa Majura, gizani, na hakulala tena kwangu mpaka alipokufa.

Nikwambie hizo yuniti zilivyoliwa. Zilidumu mpaka msimu wa shule. Unajua Januari yangu ilivyo. Sketi za marinda, na marinda bila pasi si marinda. Nilipiga pasi usiku na mchana, nikavuka kile kiwango mwenyewe, bila friza, bila Majura, bila mtu wa kumlaumu. Nikapandishwa bei tena. Mama yako aliona ujumbe kwenye simu. Akairudisha mezani akaendelea na kazi yake, na mimi nilitamani anigombeze.

Majura aliuza nyumba yake kwa fundi pikipiki, yule ambaye mpaka leo anajaribu injini alfajiri. Akahamia Bunda. Ile siku anapakia vyombo, wewe ulishika uzio ukalia unaomba barafu, na mama yako mdogo akakujibu kwamba barafu zimekwisha mama. Mimi nilikuwa barazani nashona. Sikuinuka. Nilijiambia kwamba akitaka kuagwa atakuja, maana mdogo ndiye anayekuja. Nikashona mshono mmoja mara mbili, nikaufumua, nikaushona tena, mpaka gari lilipoondoka.

Sitaki udhani kwamba Majura ni malaika. Ana moyo mgumu, tumezaliwa tumbo moja na wote tumeupata. Kuna mwaka nilijikaza nikaenda Bunda. Niliuliza duka lake, nikalipata, zuri, mafriza yamepangwa ukutani. Mama yako mdogo akanikumbatia, akanipa kiti na soda baridi. Majura akatoka stoo. Akaniona. Akachukua daftari lake, akapita mbele yangu, akamuuliza mkewe, "Huyu mteja ameshalipa?" Mama yako mdogo akaanza kulia palepale. Mimi nikatoa hela, nikaweka mezani, nikaacha soda nusu. Nilirudi Musoma na hasira ambazo hazijaisha. Nilimzimia moto, ni kweli, lakini nilikwenda kwake kwa miguu yangu na yeye akaniuzia soda.

Bibi yako tulimzika Suguti tukiwa tumeshika jeneza lilelile, yeye mbele na mimi nyuma. Watu walitutazama wakidhani tutazungumza. Hatukuzungumza. Hiyo unaijua, ulikuwepo.

Nilichokuwa sikijui mimi ni kwamba miaka yote uliyosoma Bunda, bweni, siku za kutembelewa, wakati mimi najiambia nauli ni kubwa na wewe ni mtoto mwelewa, kuna mtu alikuwa anakuja. Anakuja na sato wa kukaanga na juisi ya baridi, na mwalimu anapomuuliza yeye ni nani wako, anajibu, "Mimi ni baba yake." Hakusema baba mdogo. Hukuniambia, mama yako hakuniambia. Nimeambiwa wiki iliyopita, na nimeambiwa kwa sababu tu nilikuwa nakutafutia chumba cha kupanga.

Unakumbuka tulivyozungumza. Nilikuwa na kalamu. Nilikuwa nimeshaandika kodi, maji, na yuniti za mtu mmoja asiyepiga pasi. Ukanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha ukasema, "Baba, mimi nitakaa kwa baba mdogo. Pale sitalipa kodi wala umeme. Si wewe ndiye uliyetufundisha kutafuta nafuu?"

Sijui kama ulikusudia kuniumiza. Ulisema kwa upole sana. Lakini niliumia mahali ambapo sikujua kama bado pana uhai. Nilitaka kukwambia hapana, mtoto wangu halali kwa mtu aliyeniita mteja. Nikafungua mdomo, nikaona hesabu yangu mwenyewe imenikalia mbele, kwa maandishi yangu mwenyewe, na kweli ya kwako ilikuwa nafuu. Mama yako akapiga simu Bunda palepale. Nilikuwa nimekaa karibu, nilimsikia Majura akijibu. "Mtoto aje. Aje na mama yake." Mama yako akasubiri kidogo, kama atataja mtu mwingine. Hakutaja.

Kwa hiyo kesho mimi nitakusindikiza mpaka stendi tu. Nitabeba sanduku, nitagombana na kondakta kuhusu bei ya mzigo, kwa sababu sijui kufanya vingine. Usiniulize pale stendi kama niko sawa. Sitakuwa sawa. Nina wivu, mwanangu. Nina wivu na mdogo wangu kwa sababu atakuuliza jioni umeshindaje, na wewe utamjibu.

Mashauri sina mengi. Ukifika kule utaanza kupata mshahara, na jambo la kwanza utakalotaka ni kupunguza gharama, kwa sababu wewe ni damu yangu na nimekuona unavyozima taa. Punguza. Siwezi kukwambia upoteze hela. Ila kabla hujahama chochote, kiwe chumba, kiwe jiko, kiwe duka unakonunua mchele, muulize anayekitegemea pamoja na wewe, umuulize akiwa anakuona usoni, na akikwambia ngoja, ungoje hata kama hesabu inakuchoma. Mimi kila hesabu niliyopiga ilikuwa sahihi. Nenda karudie zote, hutakuta kosa. Na leo nimekaa dukani mwenyewe, bei ya umeme ni ileile ya juu, mdogo wangu hanisemeshi, na nyumba ya pili kwenye ua wangu anakaa mtu ambaye simjui hata jina la baba yake.

Majura akikuhadithia habari hii kwa namna nyingine, usinitetee. Ikiwa atasema nilijua kuhusu samaki, mwambie ndiyo, baba aliandika kwamba alijua. Akisema nilimdanganya kwenye mkeka wa msiba, mwambie ndiyo. Usimwombee msamaha kwa niaba yangu, hiyo kazi si ya mtoto, na ningeona aibu zaidi. Na akikwambia kwamba niliuweka waya mlangoni makusudi, ili kumfukuza kwenye ukoo, hilo mwache aliamini kama anataka. Ukweli ni kwamba sikufikiri, na sijui kama kutofikiri ni afadhali. Nimeliwaza jambo hilo sana kwenye cherehani, bado sijapata jibu.

Mle ndani usimwite baba mdogo. Mwite baba, kama alivyojiita yeye kwa walimu wako. Amelipa nauli ambazo mimi sikulipa.

Na jambo la mwisho, ambalo sijamwambia mama yako, utamwambia wewe. Una umri sasa, una kazi, hautapita muda mrefu, watu watakuja kukuposa. Wakikuuliza washenga waende wapi, usiwaelekeze Nyakato. Waelekeze Bunda. Majura ndiye atakayekaa na wazee, atataja ng'ombe anaotaka, atawapokea, na zizi watakalolala ni lake. Nimeamua, na sijaamua kwa sababu ni nafuu. Ni kitu pekee kikubwa nilichobakiwa nacho ambacho mkubwa anaweza kumpa mdogo wake. Asipokipokea, atakuwa ameamua yeye.

Siku hiyo nitashona suti mpya, nitakaa hapa nikisubiri simu. Nikiitwa, nitakuja, nitakaa kwenye viti vya wageni na nitakula nitakachopewa. Nisipoitwa, mama yako atanihadithia ulivyopendeza.

Nenda salama.

Baba yako wa Nyakato,
Magesa